Niliisafisha Sauti ya Mwisho ya Mzee Amin

Siku hiyo walinivunjia kitasa cha mlango wa studio.

Waliokivunja ni fundi Chirau, anayeshona nguo chumba cha chini, na wanaume wawili wa duka la simiti. Walipanda ngazi mbio na marungu mikononi, wakijua fika kwamba huko juu kuna mtu anachinjwa.

Walichokikuta ni mzungu wa miaka sitini na saba, amejifunga kikoi, amesimama mbele ya maikrofoni huku jasho likimtiririka. Mimi nimekaa kwenye kompyuta, hedifoni masikioni.

"Samahanini, ndugu zangu," mzee akawaambia kwa Kiswahili safi kabisa. "Twarekodi."

Chirau akaniuliza tangu lini kelele zikawa nyimbo. Hata mimi nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo tangu asubuhi.

Naitwa Jaafar, studio yangu iko Ukunda. Mnaonijua mnanijua kwa kaswida na nyimbo za harusi. Mwenye sauti ya mikwaruzo akija kwangu, anatoka na sauti ya asali. Hiyo ndiyo sifa yangu mjini, na sioni haya kuisema.

Mzungu mwenyewe alizaliwa Uswidi, jina lake Torsten. Miaka thelathini iliyopita alimwoa Bi Mwanarusi wa Msambweni, akasilimu, akaitwa Amin. Walikuwa wakiishi Galu, na pale msikitini kila mtu alimjua kwa upole wake. Ukimwamkia shikamoo, atakuitikia, kisha akuulize habari za mama yako, za mgonjwa wako, na za mbuzi wako kama unaye.

Nani angejua kwamba mtu huyu ujanani alikuwa mwimbaji wa panki?

Tena si panki ya mchezo. Ni ile kali wanayoiita hadikoo, wimbo mzima dakika moja na nusu, ngoma zinakimbia, gitaa linanguruma, na mwimbaji anapiga ukelele kana kwamba nyumba yake inaungua. Yeye na wenzake watatu walitoa santuri mbili, wakatawanyika. Mmoja akawa fundi wa mabomba, mmoja mwalimu, mmoja dereva wa treni.

Sasa, baada ya miaka arobaini, wazee wale walikuwa wamerudiana. Walikwisha kurekodi ala zote kule kwao, nyimbo kumi na moja. Ilibaki sauti ya Amin tu, na Amin hakuweza kusafiri.

Alikuwa na saratani ya koo. Daktari wa Mombasa alikwisha kumpa tarehe ya kuondolewa kisanduku cha sauti, na baada ya hapo asingesema tena maisha yake yote.

"Nina siku kumi na mbili za sauti, mwanangu," aliniambia. "Nataka ziingie humu."

Tulirekodi siku tatu. Kila wimbo ukimalizika alikuwa akifuta mdomo kwa leso, akiikunja upesi nisione. Niliona. Ilikuwa na damu. Nilimwomba tupumzike, akatikisa kichwa, akanionyesha kidole nianzishe unaofuata.

Siku ya tatu alimaliza wa kumi na moja, akakaa chini sakafuni. Akatabasamu. Sijawahi kumwona mtu aliyechoka na kuridhika namna ile.

Basi nikabaki na kazi yangu.

Ndugu zangu, naomba mnielewe. Mimi nimefunzwa kazi na watu wa kaswida. Kwetu sauti husafishwa. Unatoa pumzi, unatoa makohozi, unanyoosha palipopinda, kisha unatia mwangwi kidogo ili isikike kama mtu yumo msikitini. Nilivyomsikia yule mzee, anakwaruza, anakatika, anakosa pumzi katikati ya neno, nilimhurumia. Nikasema sitaiacha sauti ya mwisho ya mtu mwema iende duniani ikiwa mgonjwa.

Nilikesha siku mbili. Nikaipangusa mpaka ikang'aa. Kelele nikazilainisha, na palipokuwa na mkwaruzo pakawa na wimbo.

Akaja na Bi Mwanarusi kusikiliza. Alivaa hedifoni, akafumba macho. Wimbo wa kwanza haukufika nusu, machozi yakaanza kumtoka. Akasikiliza zote kumi na moja vile vile, analia kimya kimya.

Alipovua hedifoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Mungu akulipe."

Mimi nikavimba kichwa. Nikajua nimemliza kwa uzuri. Jioni ile nikazituma Uswidi kama alivyoniagiza. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, harusi zimepangana, kompyuta imejaa. Desturi yangu ni moja, mteja akisema sawa, sauti mbichi, zile ambazo sijazisafisha, nazifuta. Nikazifuta.

Baada ya siku sita Mzee Amin akapasuliwa.

Jibu kutoka Uswidi lilikuja wiki moja baadaye. Lilikuwa la mpiga gitaa, kwa Kiingereza, mistari mitatu tu. Aliuliza huyu anayeimba ni nani. Akasema sauti hii si ya rafiki yake, na kama ninayo ile halisi, ambayo haijaguswa, tafadhali niitume.

Nilitafuta kwenye kompyuta, nikatafuta kwenye flashi zote, nikaipeleka kompyuta kwa fundi wa Mombasa. Hakuna. Juu ya nafasi yake nilikwisha kurekodi harusi nne.

Nikaenda Galu. Nilimkuta barazani, shingoni ana bandeji, kwenye mapaja ana daftari. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Aliandika neno moja, akanigeuzia nisome.

*Nimesamehe.*

Akanipigapiga begani, akamwashiria mkewe aniletee chai. Aliishi miezi mitano zaidi. Tulimzika Msambweni, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Santuri ilifika baada ya eda ya mkewe kwisha. Bi Mwanarusi akaniita nyumbani tuisikilize pamoja.

Kwenye jalada majina yao yote manne yalikuwapo. Gitaa, fulani. Besi, fulani. Ngoma, fulani. Sauti, Amin Torsten. Ndani kulikuwa na karatasi yenye maneno ya nyimbo zote.

Lakini sindano ilipogusa santuri, hakuna aliyeimba. Ngoma, gitaa, besi, basi. Wenzake walikataa kuitumia sauti niliyoitengeneza, na walikataa kumweka mtu mwingine mahali pake. Walipaacha wazi.

Bi Mwanarusi alikuwa amekaa wima. Nyimbo zile alizisikia kutwa mumewe alipokuwa akijizoeza.

"Hapa angeingia," akasema.

Kisha tena, wimbo wa pili. "Hapa." Midomo yake ikawa inacheza, inafuata maneno ya Kiswidi ambayo hakuyajua maana. Nililia mbele yake bila haya.

Santuri ilipokwisha ndipo akaniambia jambo ambalo mpaka leo linanichoma.

"Siku ile tulipotoka kwako hakula. Aliniambia, 'Sauti yangu haimo mle.' Nikamwambia, 'Rudi ukamwambie, siku sita bado unazo.' Akasema, 'Nitamwambiaje, na uso wake ulivyojaa furaha?'"

Akaikunja ile karatasi ya maneno.

"Jaafar mwanangu, ni mimi niliyemfunza. Alipokuja huku alikuwa mtu wa kusema kila kitu usoni. Chakula cha mama akikiona kibaya, asema kibaya. Nikamkanya mwaka baada ya mwaka. Nikamwambia kwetu kazi ya mtu haitiwi dosari mbele yake, washukuru, wanyamaza. Akashika. Kwa nini alishika hata siku ile?"

Nilibaki nimekaa naye tu, mpaka adhana ya magharibi.

Siku hizi sifuti sauti ya mtu, na sigusi kitu kabla ya kuuliza. Lakini hilo ni langu mimi mwenye kosa. Lenu ninyi mnaosoma ni hili: mtu akikuharibia kitu chako cha thamani, naye anacheka akidhani amekufaa, mwambie. Mwambie kwa upole, lakini mwambie siku hiyo hiyo.

Mzee Amin angeniambia, ningenuna siku moja, labda mbili. Halafu tungerekodi tena.