Kipa Aliyefundishwa Kuachia

Miaka tisa Komeo alilipwa kwa kazi moja: kitu kikija, daka. Sasa alikuwa anajifunza kazi ambayo amri yake ya kwanza ni kinyume kabisa. Kioo kikikuponyoka, rudi nyuma, kiache kivunjike.

Goti lake la kushoto lilisagwa na mshambuliaji kwenye mechi ambayo timu ilishafungwa manne. Daktari akasema mpira basi. Klabu ikamuaga kwa picha ya pamoja, mwenyekiti kasimama mbele, kamziba uso. Miezi minane akajilaza kwenye kochi akiwafokea makipa wa kwenye televisheni, hadi mkewe akachoka: "Baba, hao hawakusikii. Anayekusikia ni mimi."

Ndipo akaenda kwa fundi vioo, mama mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko vioo vyake.

Wiki ya kwanza kioo kiliteleza mezani, Komeo akakidaka. Kwa ustadi, tusimnyime haki yake. Nyuzi saba kiganjani.

"Unangoja wakushangilie?" fundi alifoka. "Daka tena hata kipande, kazi huna."

Leo walikuwa wanapandisha kioo cha dirisha la duka la dawa, kirefu kumzidi Komeo, kila mmoja na kishikio chake cha mpira kinachonyonya kioo kisibanduke. Ngazi kumi na nne. Kwenye ya tisa goti likaanza kutetemeka. Kwenye ya kumi na moja jasho likamwingia jichoni, na mkono wa kujifuta hana.

"Upo?" fundi aliuliza.

"Nipo, mama."

"Na goti?"

"Nalo lipo. Linalalamika tu."

Wakafika juu. Walipokiinua kukielekeza dirishani, kishikio cha fundi kikabanduka. Kioo kikainama. Vidole vya Komeo vilishakunjuka, bega lilishatangulia, mwili mzima ulishaamua. Akaurudisha kwa nguvu, akaachia kishikio, akabana mikono kifuani.

Hapo ndipo alipoona mikono mingine imenyooka kukipokea kioo. Ya fundi.

"Mama, acha!"

Ilikuwa sauti iliyowahi kuwafanya mabeki wanywee. Fundi akaruka nyuma. Kioo kikapasukia pale pale alipokuwa amesimama.

"Kuna nini huko juu?" mwenye duka alipiga kelele. Fundi alikuwa anaviangalia vidole vyake, kimoja kimoja.

"Sikufuta vumbi kwenye kishikio," alisema taratibu. "Halafu nikataka kudaka."

"Niliona."

"Ole wako umwambie mtu."

"Nitamwambia mke wangu tu. Huyo atawaambia waliobaki."

Fundi akacheka, cheko lililovunjika katikati. Kisha akatoa futi mfukoni, ile ambayo hakuwahi kumruhusu mtu kuigusa, akamkabidhi.

"Pima dirisha upya. Nitakata kwa kipimo chako. Kisipoingia, utanitambua."

Komeo akapima. Kipimo cha kwanza na cha pili vikapishana. Akavuta pumzi, akapima cha tatu. Kikalingana na cha pili. Akakiandika.