Makipa Wote Wameshachukuliwa

Kadi za kwanza nilizipata bila kuzitafuta. Nilimnunulia binti yangu begi la shule mnadani, begi la mtumba lenye zipu nzima, na nilipofika nyumbani nikaligeuza ndani nje ili nilifue. Kwenye kimfuko cha pembeni zikadondoka kadi tisa ngumu zinazong'aa, kila moja ina picha ya mchezaji mpira upande mmoja na maelezo yake upande wa pili, kwa lugha nisiyoijua. Nikaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, nikazipanga mapajani. Sabuni ikayeyukia ndani ya beseni na begi likabaki kavu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima, mke wa mtu, na siku ile nilipiga kigelegele peke yangu uani. Utotoni kwetu, kijiji kimoja upande wa Serengeti, picha za wachezaji zilikuja ndani ya bablishi. Kaka zangu walitafuna, mimi nikakusanya picha. Nilikuwa nazo thelathini na kitu kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, mpaka masika moja paa likavuja na zote zikagandana kama andazi. Nililia siku mbili. Baadaye nikasoma, nikaajiriwa, nikaolewa Gorong'a kwa Wakurya, nikawa mtu wa kusahihisha madaftari. Nilidhani ile homa imeniisha. Kumbe ilikuwa imelala tu.

Mnada wetu ni mara moja kwa mwezi. Watu wanashuka kutoka Nyanungu, Genkuru na vijiji vyote vya katikati. Juu kule wanauzwa ng'ombe, katikati moshi wa nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo, unakufanya umeze mate kabla hujala, na chini kabisa, kwenye tambarare, wanatandaza mitumba. Huko chini kulikuwa na mama mmoja mcheshi anayeleta mabegi kutoka Sirari mpakani. Nusu ya maneno yake yalikuwa ya Kenya, na alimwita kila mwanamke aliyevaa viatu vya kufunika vidole "madam". Kila alipofungua belo alikagua mifuko ya mabegi, na alichokikuta humo alikitupia kwenye bati la biskuti lililokaa mguuni pake: funguo, vifungo, sarafu za nchi zisizojulikana, vijidoli visivyo na mikono. Na kadi.

Nikajifunza namna ya kununua. Kwanza, huendi umependeza. Unajifunga khanga iliyopauka. Pili, huliangalii bati. Unauliza bei ya begi, unaguna, unauliza bei ya begi jingine, unasikitika kuhusu zipu, halafu wakati wa kuondoka ndipo unasema, kana kwamba umekumbuka mtoto anayelia nyumbani, "Na hivi vikaratasi je? Nimpelekee mtoto achezee."

"Hizo? Si uchukue tu hizo tano kwa mia tano, madam."

"Tano kwa mia tano? Karatasi?"

"Haya, saba."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimeshinda kesi. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma huko karibu na mgodi, huja mwisho wa wiki. Alizitazama kadi, akanitazama, akasema wanawake wenzangu wanakusanya vyombo. Lakini baadaye nilimkuta anazisoma kwa tochi ya simu.

Nikawa na lengo: kukamilisha timu. Si timu ya nchi moja, hilo lisingewezekana. Timu yangu mwenyewe, wachezaji kumi na mmoja wenye nafasi zao. Mabeki nilikuwa nao wa kumwaga. Washambuliaji ndiyo usiseme. Kipa hakuna. Mwezi wa kwanza hakuna, wa pili hakuna. Mwezi wa tatu nikasahau hata kujifanya.

"Mama, hivi humu hakuna kipa hata mmoja?"

"Makipa wote wameshachukuliwa," akasema. "Kuna mzee fulani wa kofia. Anakuja saa moja, anachagua makipa, anaenda. Wengine hata hawatazami."

"Mzee gani huyo?"

"Mzee tu. Mpole. Lakini kwa bei, wacha tu! Huyo atakutoa jasho."

Nilichukia. Nilimchukia mtu nisiyemjua kwa mwezi mzima, nikisahihisha hesabu za darasa la nne huku nikimwona akipapasa bati langu. Mnada uliofuata niliamka kabla ya kuku. Nyumbani niliaga kwamba natafuta kitambaa cha sare, nikapanda pikipiki, na saa moja kasoro nilikuwa tayari nimesimama nyuma ya mapazia ya muuzaji wa jirani, nikichungulia kama mpelelezi.

Akaja kweli. Kofia ya kahawia, koti, fimbo kwapani. Akachuchumaa mbele ya bati, akavaa miwani, akaanza kupekua kadi moja moja kwa utaratibu wa mtu anayechambua mbegu. Alipogeuza uso kuelekea kwenye mwanga, nilijivutia pazia usoni. Alikuwa baba mkwe wangu.

Asiyejua nyumba zetu ataona ni jambo la kuchekesha tu, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Namwamkia shikamoo kutoka hatua kadhaa, naye anaitikia marahaba akitazama pembeni. Hatupeani mikono. Hatukai benchi moja. Nikitaka kumpa kitu nakiweka chini au nampa mama mkwe ampe. Nyumba yangu na yake ziko kwenye boma moja, na kwa miaka yote niliyokaa pale nadhani hatukuwa tumezungumza maneno mia ukiacha salamu. Na jana yake, nilisikia vizuri, alikuwa amemuaga mama mkwe kwamba atakwenda kuulizia bei ya mbuzi.

Nilibaki nyuma ya mapazia mpaka akaondoka. Yule muuzaji akaniuliza kama nanunua au najifunika.

Jioni mume wangu alipokuja nilimuuliza kwa kuzunguka, hivi baba aliwahi kucheza mpira? Akacheka. "Baba? Alikuwa kipa wa timu ya tarafa. Walikuwa wanatembea kwa miguu mpaka mpakani kucheza. Hujamuona kidole chake?" Sikuwa nimekiona. Ningekionaje kwa umbali ule?

Hapo chuki ikaniisha, lakini tatizo la kipa lilibaki palepale. Nikapata wazo. Mnada uliofuata nilikwenda mchana kama kawaida na nikamwachia mama wa mabegi kadi tatu za washambuliaji wazuri, mmoja akiwa hewani kabisa anapiga tikitaka. "Mzee wa kofia akija mwambie kuna mtu anataka kubadilishana. Hizi tatu kwa kipa mmoja."

"Nimwambie mtu gani?"

"Mtu tu."

Mwezi uliofuata nilikuta washambuliaji wangu watatu wamerudishwa, pamoja na ujumbe wa mdomo. "Amesema washambuliaji hana kazi nao. Ukiwa na kipa, atakupa kipa. Na amesema yule wa tikitaka mguu wake wa chini umekaa vibaya, ataanguka vibaya."

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Kumbe nyuma ya lile marahaba la kutazama pembeni kulikuwa na mtu wa namna hii! Mama wa mabegi, ambaye sasa alishaanza kuufurahia mchezo wetu, akanitafutia kipa kwenye belo jipya kabla mzee hajafika. Ningeweza kubaki naye nikamaliza, lakini mchezo ulikuwa umeninogea. Nilimpeleka huyo kwenye mabadilishano, nikamfunga kwenye karatasi ili asichubuke. Mwezi uliofuata nikaletewa kipa mwingine mwenye jezi ya kijani na mikono mirefu ajabu. Timu yangu ikatimia. Lakini hatukuacha. Tuliendelea miezi minne au mitano, mimi na mzee, kila mmoja akimwachia mwenzake kitu kwa yule mama, mzee asijue ni mimi.

Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa wote bomani. Baba mkwe amekaa mbele ya nyumba yake, sisi wanawake tuko mlangoni mwa jiko tunachambua mboga. Akakohoa, akamwita mama mkwe kwa Kikurya, kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha kunifikia.

"Mwambie mwalimu yule kipa wa kijani asimwamini sana kwenye mipira ya juu."

Mama mkwe akainua uso. "Kipa gani?"

"Wewe mwambie tu."

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema kipa wa kijani usimwamini kwenye mipira ya juu." Alinitazama kama mtu anayepeleka salamu za wazimu.

Masikio yangu yaliwaka moto. Nikashika jani la mboga nikaliangalia. Kisha nikasema, "Mama, mwambie baba nimesikia. Lakini ana mikono mirefu."

"Anasema ana mikono mirefu."

"Mikono siyo shida. Miguu yake mizito. Amesimama kama mti."

"Mnamzungumzia nani?" mama mkwe akauliza, sasa ameweka mboga chini. "Nani huyo mwenye mikono mirefu?"

Baba mkwe alikuwa anatazama zizi la ng'ombe, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baadaye nilikuja kujua nilivyojiuza. Ile karatasi niliyomfungia kadi niliichana kwenye daftari la zamani la binti yangu, na mtoto alikuwa ameandika juu yake kwa herufi kubwa insha kuhusu babu yake na ng'ombe wake mwenye pembe moja. Mzee alikuwa amejua tangu mabadilishano ya kwanza.

Basi ikaja siku ya albamu. Mama wa mabegi alipata albamu nzima ndani ya sanduku la safari, kurasa zenye mifuko ya nailoni, kila mfuko na kadi yake, mamia. Na huyu mama, ambaye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa rafiki, alitutumia ujumbe sote wawili, kila mmoja kwa siri: njoo mapema, nimekuwekea.

Nilifika, naye akafika. Tukakutana uso kwa uso mbele ya meza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Kisha tukakwama. Kugombea bei bega kwa bega na baba mkwe ni kitu ambacho mwili wangu wenyewe ulikataa. Nikarudi nyuma nikaanza kushika mapazia. Naye akarudi nyuma akaanza kukagua mikanda. Albamu ikabaki pale katikati, jua linaipiga.

"Sasa nyinyi mmeona nyoka?" mama wa mabegi akauliza.

Tukiwa tunaogopana hivyo, akatokea dereva wa bodaboda mwenye ndevu, akaichukua albamu akaifunua. "Hizi nitazibandika kwenye pikipiki," akasema. "Matairi mawili yote. Bei gani?"

"Imeshauzwa!" nikapiga kelele kutoka kwenye mapazia.

"Imeshauzwa!" baba mkwe akanguruma kutoka kwenye mikanda, sekunde ileile, na fimbo yake ikapiga chini.

Yule dereva aliiweka albamu mezani taratibu, kama kitu cha polisi, akaondoka.

Mama wa mabegi ndipo alipotaja bei, na ilikuwa bei ya mtu aliyeona jinsi tulivyoruka. Baba mkwe alimkabili kwa dakika ishirini. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakupandisha sauti. Alifungua ukurasa mmoja mmoja, akaonyesha kona iliyokunjika, doa la chai, mfuko uliotatuka, na kila alipoonyesha mimi kule nilipokuwa niliongezea "na ule wa nyuma yake pia, baba," mpaka yule mama akashika kiuno na kusema tunamwonea. Ikashuka hadi nusu. Baba mkwe aliweka fedha zake mezani akasogea. Nikaja nikaweka zangu juu ya zake.

Albamu ilikwenda bomani imefungwa kwenye baiskeli ya mzee, mimi nikirudi kwa njia nyingine. Jioni ilibidi tumweleze mama mkwe, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana, bila kukubaliana kwa maneno, kwamba itakaa kabatini kwake. Hapo mimi nafika na mzee anafika, na hakuna anayemfuata mwenzake. Alisikiliza yote: mbuzi wasiokuwepo, sare isiyokuwepo, kadi, mwaka mzima. Akaifunua albamu akatazama kurasa tatu.

"Nimeolewa hapa miaka yote hii," akasema, "leo naletewa wanaume mia mbili kwa mara moja."

Sasa ana anaowapenda, hasa mmoja mwenye nywele ndefu zilizofungwa mkia, na anataka kujua kama ana mke. Mazungumzo yetu bado yanapitia kwake, ingawa siku hizi mara nyingi nimeshajibu kabla hajamaliza kurudia. Kidole cha mzee nimekiona, kimepinda kama ndoano.

Mwezi uliopita mzee alirudi kutoka mnadani, akaweka kadi moja juu ya kinu pale nje na kwenda zake nyumbani kwake. Pichani alikuwa mchezaji mwanamke, kipa, ameruka mzima mzima kuelekea kwenye nguzo, macho kwenye mpira. Maelezo ya nyuma ni kwa herufi ambazo hakuna mwalimu yeyote shuleni kwetu anayeweza kuzisoma. Nimejaribu.

"Anasema huyu anaruka sawasawa," mama mkwe alinifikishia.

Nilimwambia amwambie nimemwona.