Mama Myahudi na Macho Mekundu

Vijiji vya kando ya Tinde vilimwita Mama Myahudi. Alikuja kutoka Ulaya akiwa msichana, akazeeka huku, na Kisukuma kikamkaa mdomoni kuliko Kiswahili. Kila siku isipokuwa Jumamosi, siku yake ya ibada, alipita akiwatia dawa vikongwe walioharibiwa macho na moshi wa kuni, maana macho mekundu yalitosha kumfanya mtu aitwe mchawi. Mkono wake uliotetemeka aliuegemeza kwanza shavuni mwa mgonjwa, ndipo akadondosha tone.

Zipora, mjukuu wa mmoja wa vikongwe hao, hasahau Jumamosi ile vijana walipomfuata bibi yake wakiwa na mapanga, wakimwita mchawi. Mama Myahudi alifika akihema, akaketi mlangoni pa nyumba ya bibi, akauziba.

“Mama, leo si siku yako ya kazi,” kiongozi wao alifoka. “Ondoka!”

“Hii si kazi. Kwetu baba yangu alitolewa ndani hivihivi, majirani wakatazama tu. Mimi sitatazama. Anzeni na mimi.”

Zipora alitoka ndani akaketi ubavuni pake. Kisha jirani mmoja, kisha wengine. Vijana wakarudi nyuma, wakatawanyika.

Mwaka huu, walipomzika Mama Myahudi, aliyetangulia kutia udongo kaburini alikuwa bibi yake Zipora.