Nusu ya Idi

Mkubwa wetu alikaa Mombasa na hakupata kufika kwetu Amu hata siku moja, jambo ambalo halikumzuia kutupangia sikukuu. Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa ofisi moja ndogo, na barua zake ndizo zilizonizeesha mapema. Moja ilisema: mtumishi afanyaye kazi nusu ya wiki apewe nusu ya kila sikukuu.

Mtumishi wa namna hiyo tulikuwa naye mmoja tu, mama wa makamo wa mtaa wa Langoni, aliyefagia ofisi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mamake, mkongwe asiyeweza tena safari, alikuwa kisiwani Kiwayu. Naye alitaka jambo moja: kula Idi Kubwa na mamake. Kwenda ni siku nzima ya mashua, na kurudi vivyo hivyo.

Nikamsomea barua. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kiatu kimoja.

"Nusu ya Idi ndiyo ipi, Bwana? Nitinde mbuzi nisile?"

Akafikiri kidogo, akaja na hesabu yake, nzuri kuliko ya Mombasa.

"Krismasi yenu twaani yote, na Pasaka, na siku ya Malkia. Mimi nipani Idi yangu nzima."

"Yetu?" nikafoka. "Kwani mimi si Mwislamu?"

Hata hivyo nikaandika ombi, kurasa mbili kwa mwandiko wangu bora. Jibu likaja mstari mmoja: nusu haziunganishwi.

Idi ikaangukia Jumatatu. Ofisi ilifungwa, maana sisi wengine tulipewa siku nzima, lakini yeye alitakiwa kuingia saa sita, na ufunguo ninao mimi. Nikaacha pilau inafuka, nikaenda huku nimenuna. Nikamkuta mlangoni, wanja machoni. Akafagia sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga tangu alipoifagia Ijumaa. Nikafungua daftari nikaandika: amehudhuria.

Akautazama mkono wangu unavyoandika.

"Mkubwa wako yuko Mombasa," akasema. "Ufunguo unao wewe, kalamu unayo wewe. Hukuweza kuandika kuwa nimekuya, nami niko Kiwayu?"

Wallahi halikunipitia akilini. Miezi yote ile nilikuwa nikimlaani mtu wa Mombasa, kumbe aliyemnyima yule mama Idi yake ni mimi.