Kiboko wa Swali la Saba

Ilianza Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, nikiwa darasa la tatu. Mpaka leo, niko kidato cha tatu, nikinusa karatasi ya fotokopi ambayo bado ina joto la mashine, hasira inanipanda mpaka masikioni.

Shule yetu hapa Babati ilikuwa imeanza mtaala wa kimataifa. Tuliambiwa tutapata ujuzi wa kisasa, tutafikiri wenyewe. Mtihani ukaja kutoka nje, na majibu yake kutoka huko huko nje. Swali la saba, kwa Kiingereza: unaweza kumwona wapi kiboko? Chini yake picha tatu: sokoni, darasani, bustani ya wanyama. Basi mimi nikafikiri mwenyewe. Nikakata zote tatu, nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: kwa bibi.

Ni kweli, jamani! Bibi niliyeishi naye, shamba lake linapakana na ziwa, na viboko walikuwa wakitoka majini usiku kula mahindi yake.

Mwalimu akalisoma jibu langu kwa sauti. Darasa zima likaangua kicheko.

"Kumbe bibi yako anafuga viboko!"

"Anafuga vile vya kuchapia!"

"Mwongo huyu," mwalimu akasema. "Kesho utasimama hapa mbele, uwaambie wenzako ulidanganya, halafu usome jibu sahihi."

Mimi, ambaye hata kuomba ruhusa ya chooni niliona aibu! Jioni nilimwamkia Bibi huku nalia, nikamweleza yote. Hakunibembeleza.

"Mwambie mwalimu wako aje alinde mahindi usiku mmoja tu. Akirudi mzima, tutaongea."

Nilidhani mwalimu hajui, maskini, nikataka kumsaidia. Baadaye sana ndipo nikasikia kwamba alizaliwa Bagara, hapa hapa mjini, na katika ziwa lile aliogelea utotoni. Viboko aliwajua. Ila karatasi ya majibu haikuwajua, akaona afadhali mimi niwe mwongo. Hilo sijamsamehe.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikapita shambani na gazeti la zamani. Darasani nilipoitwa mbele sikusoma kitu. Nilisema, "Shikamoo mwalimu," nikalifungua gazeti mezani kwake, juu ya karatasi ya majibu: mavi ya kiboko, mabichi, na ndani yake vipande vya mabua ya Bibi.