Mbuzi wa Wageni

Watu wa Pongwe walidhani Praxeda hajui kukasirika. Walikosea. Hasira alikuwa nayo, ila aliipika kama maharage, polepole, tena kwa kufunika.

Mumewe alikuwa mkata mkonge. Shamba la mkonge lilipoanza kufa, naye kifua kikambana akafa. Praxeda akabaki na nyumba ya udongo na kuku wachache, na binti zake walikuwa wamekwisha kuolewa huko Muheza. Ni miaka ile ambayo maduka yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ilikuwa ya kusimuliwa, na unga ulikuwa ule wa yanga, wa manjano, unaonuka gunia. Watoto wa vibarua walikuwa na nywele nyekundu na matumbo makubwa.

Ndipo kanisa dogo la pale likaanza kupika uji kila Jumamosi kwa watoto wote wa mtaa. Hakuna aliyeulizwa anasali Ijumaa au Jumapili. Mpishi akawa Praxeda, na ujira wake kibaba cha unga.

Mwanzoni akina mama wa Kiislamu walisita. Wa kwanza kuja alikuwa Saleha, jirani yake, ambaye mumewe alikwenda Pangani kutafuta kazi akapotelea huko. Alikuja na binti yake Najat, amemfunga mgongoni kwa kanga ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea. Miguu haikuwa na nguvu.

"Shoga, humu mna nini?" Saleha aliuliza, akichungulia sufuria.

"Unga na maji. Onja."

"Sikuulizi ya leo tu. Nakuuliza ya siku zote."

"Siku zote nitakwambia," Praxeda akajibu.

Neno hilo likapita uchochoroni, na wengine wakaja. Hawakuja kwa kuliamini kanisa. Walikuja kwa kumwamini Praxeda.

Nyama ilipopatikana, mara moja moja, kisu alishika Mzee Mwinyijuma. Hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Praxeda alikuwa Mbondei, na kwa Wabondei katika nyumba moja utawakuta Yohana na Sefu, tumbo moja, mama mmoja. Harusini, msibani, hata Krismasi, mnyama alichinjwa na Mwislamu ili ndugu asikae pembeni akimeza mate. Hakuna Mkristo aliyejiona amepungukiwa kwa hilo.

Kisha akaja mwinjilisti mpya, Manase, kijana wa bara mwenye sauti kubwa. Hakuwa mvivu. Alibeba magunia kwa bega lake mwenyewe. Lakini kila alipomwona Mwinyijuma akiingia uani mwa kanisa na kisu chake, uso wake ulijikunja.

Habari zikaja kwamba wageni kutoka ofisi kuu ya kanisa, mjini, watakuja kuona huduma ya watoto, na wao ndio watakaoamua kama unga utaendelea kutolewa. Akanunuliwa mbuzi. Praxeda akawatangazia akina mama: Jumamosi ni nyama. Akamwomba Mwinyijuma afike asubuhi.

Asubuhi hiyo Praxeda alipofika uani alimkuta mbuzi ananing'inia kwenye mkorosho, amekwisha chunwa.

"Kachinja nani?"

"Mimi," Manase alisema, akifuta mikono. "Mbona unashtuka?"

"Mzee Mwinyijuma nilimwita mimi."

"Nimemrudisha. Mama, hili ni kanisa. Nyama ya kanisa kwa nini imsubiri shehe? Kwetu tunachinja wenyewe."

"Kwenu Waislamu wako wangapi?"

"Hawapo."

"Basi kwenu ni rahisi."

Manase akacheka kidogo. "Wewe pika. Kinywa chako kikinyamaza, nani atajua? Watoto wana njaa, na wageni wanataka kuwaona wanakula chungu kimoja."

Praxeda alipika. Kila alipofunua sufuria alitamani lipasuke. Wale wageni wasiporidhika unga utakatika, na Najat ndiyo kwanza ameanza kusimama. Akisema, watoto watakosa. Asiposema, watakula kwa mkono wake kitu ambacho mama zao wasingekikubali.

Harufu ya mchuzi ilizunguka mtaa mzima kuliko mpiga mbiu. Watoto walikuja wameogeshwa, wamepakwa mafuta ya nazi, kila mmoja na bakuli lake. Wageni waliketi kwenye viti kivulini. Najat alisimama mbele kabisa, kwa miguu yake mwenyewe, na nyuma yake Saleha akitabasamu.

Saleha hakuuliza kitu. Hilo ndilo lililomchoma Praxeda. Angeuliza, pengine angepata pa kukwepea.

Akaweka upawa chini.

"Saleha! Na nyie wenzangu wote! Mbuzi huyu hakuchinjwa na Mwinyijuma. Kachinja mwinjilisti."

Akina mama wakaanza kuwashika watoto wao mikono. Najat aling'ang'ania bakuli lake akilia, "Nyama! Mama, nyama!" mpaka Saleha akambeba na bakuli lake tupu.

"Kuna nini?" aliuliza mgeni mmoja, mama mnene mwenye miwani.

"Ndio hao Waislamu, mama," Manase akawahi. "Wanakidharau chakula chetu. Tunawasaidia, wanatutukana."

Hapo kifuniko kikaruka.

"Mwongo!" Praxeda alisema, na hata yeye hakuitambua sauti yake. "Mwaka mzima wamekunywa uji wetu, nani aliudharau? Wewe umewafukuza! Ungewaambia ondokeni, ningekuheshimu. Umetaka wale kwa kudanganywa, tena mkono wa kuwadanganya uwe wangu!"

"Mama, angalia kibaba chako," Manase alisema kwa sauti ya chini.

"Kakile wewe!"

"Jamani," mgeni akasema, "jambo dogo hili. Si mngechemsha na maharage pembeni?"

"Dogo kwa aliyeshiba," Praxeda akamjibu, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Alimkuta Mwinyijuma barazani kwake, kisu kimefungwa kitambaani, kimelala mapajani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimeambiwa kisu changu kimestaafu."

"Hakijastaafu. Njoo kwangu uchinje kuku."

Mzee alipowaona kuku wenyewe alisita. "Huyu mweupe si ndiye anayetaga?"

"Namjua anayetaga. Chinja."

Ule haukuwa mchuzi. Yalikuwa maji yaliyopata habari za kuku. Lakini kila mtoto alipata tone, na Najat akapewa kipapatio. Hata watoto wa Kikristo waliokwisha kula mbuzi walikuja, midomo inang'aa mafuta, wakala tena. Hakuna aliyewafukuza.

Jumamosi zilizofuata uwanja wa kanisa ulipwaya. Wachache waliokuja walikunywa uji wa mpishi mwingine, ambaye akina mama hawakumjua. Wageni nao wakapeleka habari mjini kwamba watoto wa Pongwe hawana shida tena.

Siku moja Manase akaja mpaka uani kwa Praxeda. Alikuta anakuna nazi. Hakukaribishwa kiti.

"Mama, watoto hawaji. Na unga wametupunguzia. Rudi."

"Umekwisha kumwomba radhi Mwinyijuma?"

"Nimeona nianze kwako."

"Basi umekosea nyumba." Praxeda akanyoosha mkono, bado amekaa juu ya mbuzi ya kukunia. "Yake ile pale, yenye mlango wa bluu. Mwenyewe yupo, nimemsikia akikohoa."

Manase aliutazama mlango ule kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akashika njia ya kanisani.

Praxeda hakumwita. Akainama, akaendelea kuikuna ile nazi mpaka akafika kwenye kifuu.