Kioo Kilichobebwa Mgongoni

Mama mukwe wangu na mimi tumefanya kazi pamoja miaka mingi, na sijawahi kumtazama usoni. Ninaujua mgongo wake, ninaijua sauti yake, ninajua hata namna anavyokohoa akitaka nipunguze mwendo. Uso, hapana. Siku hizi vijana wengi wa Kasongo wanakula sahani moja na mama wakwe zao na kutaniana nao kama waliosoma darasa moja. Mama huyu ni mutu wa zamani, wa upande wa Kabambare, na kwake mukwe mwanaume anaheshimiwa kwa kukwepwa. Nikija kwa njia moja, yeye anashika nyingine. Shida ni kwamba gari ni lake, na dereva ni mimi.

Basi tulipanga mambo. Nyuma ya kiti changu tulitundika kikwembe, kitambaa kizima cha maua mekundu, kikawa ukuta. Kile kioo cha kati cha kutazamia nyuma nikakigeuza juu kabisa, kitazame paa, macho yangu yasije yakaponyoka. Na kwa mazungumzo tuliweka bidoni, dumu la njano la mafuta, katikati. Mama anasema na bidoni, nami ninajibu bidoni.

"Bidoni, mwambie ule baba sisi si magunia."

"Bidoni, mwambie mama mashimo haya nimeyakuta."

Na ni mashimo kweli. Kati ya Kasongo na Kabambare kuna shimo moja ambalo gari likiingia asubuhi, watu wa nyuma wanaona jua likizama. Ndiyo sababu wenye akili wanapanda pikipiki. Lakini mama anauza vikwembe, chumvi na sabuni, na mzigo wake haupandi pikipiki, kwa hiyo alinunua gari hilo kwa mfanyabiashara wa dhahabu aliyekuwa anahama. Lilikuwa gari la Kijapani la mitumba, lenye kioo juu ya paa, kioo cheusi kinachoteleza kikafunguka ukibonyeza kidude. Sokoni Kasongo walisema gari lenye dirisha la mbinguni halihitaji padri wala shehe.

Dirisha hilo lilivunjika msimu wa mvua uliopita, na nasema bila aibu kwamba sikuwa na kosa. Nadra kwangu, ndiyo maana nalitaja. Tulikuwa tumesimama kijijini, mama ameshuka kununua maharage, mimi nimeshuka kunyoosha miguu. Juu ya mchikichi kulikuwa na mwanaume anakata ngazi, ile mikungu ya mawese. Mkungu ukamponyoka, mkubwa kama ndama, ukatua katikati ya paa. Kioo hakikupasuka vipande, kilimwagika. Kiti cha mama kikajaa punje kama za mahindi.

Alikuja, akageuka nusu kama kawaida yake, akaiambia bidoni: "Mwambie mukwe wangu asisikitike. Si yeye aliyeukata mkungu."

Ningemshukuru Mungu nikanyamaza hapo. Lakini mimi ni mutu wa shule ya jioni. Nilisoma nikiwa na watoto tayari, mchana nikiendesha, jioni nikikaa kwenye benchi na taa ya mafuta, hadi nikapata diploma yangu, na tangu siku ile sijaona jambo dogo nikaliacha dogo. Nilimwambia mke wangu amwambie mama yake kwamba suala la kioo nimelichukua mimi.

Fundi wetu wa Kabambare ni mutu wa maneno kama mimi, ndiyo maana tunapendana. Tulikaa juu ya paa la gari, miguu inaning'inia ndani ya tundu, tukahesabu mambo yanayopandisha bei. Kioo chenyewe: kile cha kiwandani kinapikwa kwa moto ili kikivunjika kisikate mutu, na hicho ni ghali. Rangi nyeusi, ghali. Kuteleza: ukitaka kifunguke, unahitaji reli, mota na mpira wa kuzunguka, na muuzaji anapenda kukuuzia fremu nzima. Mwaka wa gari, maana kioo cha mwaka huu hakiingii kwenye gari la mwaka ule hata kama ni ndugu. Kipya au kilichotolewa kwenye gari lililokufa. Halafu safari, kwa sababu kutoka Uvira kwa wauzaji hadi kwetu kila mutu anayekigusa anataka kula.

"Tunatoa rangi," fundi akasema. "Jua la Kabambare mnalijua, mumezaliwa nalo."

"Tunatoa na kuteleza," nikasema. "Nani anafungua paa kwenye vumbi hili?"

"Reli, mota, nje. Tunabandika tu kwa gundi nyeusi."

"Na fremu nje."

"Ndugu yangu, tukiendelea hivi muuzaji atatulipa sisi."

Tulicheka karibu tuanguke ndani. Kisha nikachukua katoni ya sabuni, rula na kampasi yangu ya shule, nikachora umbo la lile tundu, kona nne za mviringo, safi kabisa. Jiometria nilifaulu kuliko wote. Nilikata katoni ile kwa wembe, tukaiweka juu ya tundu, ikalala kama ilizaliwa pale. Katoni, bila shaka, inajipinda inavyotaka. Hilo halikuniingia kichwani.

Mama alikuwa anakwenda Uvira kununua vikwembe, kwa njia ya Lulimba na Baraka. Kabla ya kuondoka alimtuma mke wangu.

"Mama anauliza," mke wangu akasema, "kama hahitaji namba ya gari, ile iliyochongwa kwenye chuma. Anasema alipotafuta taa, muuzaji aliidai."

"Mwambie mama taa ni taa, kioo ni kioo. Kipimo ninacho hapa."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie nimetumia kampasi."

Mama akaenda na katoni yangu imekunjwa vizuri ndani ya nailoni.

Alirudi akiwa nyuma ya pikipiki, mzigo wa vikwembe ukifuata kwa lori, amebeba mtoto. Ndivyo tulivyoona tukiwa mbali, na mke wangu akashika mdomo, maana mama amekwishapita umri huo. Mtoto alikuwa kioo. Alikuwa amekiviringisha katika blanketi, akakifunga mgongoni kwa vikwembe viwili, kama mama yeyote wa kwetu anavyobeba. Mwenye pikipiki ndiye aliyesimulia, kwa furaha, kama aliyesafiri na malkia. Kwenye kila barieri ya njiani askari walisogea mama apite. Mwanamke mmoja wa Lulimba aliuliza mbona mutoto halii, mama akajibu, "Huyu ni mpole, amechukua kwa baba yake." Alikataa kumpa mutu mwingine abebe. Alikataa kuegemea. Walipolala njiani, yeye alilala ameketi, mgongo wima, kama mutu aliyemeza mti.

"Bei ya usafiri wa kioo," mwenye pikipiki akasema, "hakuna. Mutoto wa mgongoni halipi nauli."

Fundi akanipigia makofi. Nikayapokea.

Tukapanda paani tukakiweka. Kikalala kwenye kona mbili, kona mbili zikabaki hewani. Tukabonyeza hizo mbili, zile nyingine zikainuka. Kilicheza kama kiti cha mguu mfupi. Fundi alikizungusha, akakipindua, akakipima tena kwa viganja. Ndipo nilipoinama nikatazama paa kwa ubavu, jicho likiwa sawa na bati. Paa la gari lina tumbo. Limepinda kwa mbele, limepinda kwa pembeni, kidogo tu, kama kiganja kinachotaka kushika maji. Kile kioo cha zamani kilikuwa kimepinda vilevile. Na hiki kilikuwa kioo cha dirisha, kimekatwa sawasawa na katoni yangu, bapa kama meza.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba, ametupa mgongo. Bidoni ilikuwa pale uani.

"Bidoni," akasema, "muulize mukwe wangu kama mutoto ameingia kitandani."

Niliweza kusema. Ilikuwa sentensi moja. Fundi alinitazama, mimi nikaitazama bidoni.

"Bidoni," nikasema, "mwambie mama ameingia vizuri. Ametulia."

Tuliziba pembeni kwa vipande vya mpira wa gurudumu na gundi nyeusi, kiasi ambacho kingeziba mtumbwi wa mtoni Nyangwe. Jioni ile nilikuwa naosha mikono, nikasikia kupitia ukuta wa matofali mke wangu anamkanda mama yake mabega kwa mawese ya moto. Mama alikuwa anavuta pumzi kwa meno. "Hapo," alisema. "Polepole, hapo vikwembe vilikata." Nilisugua gundi vidoleni mpaka ngozi ikaanza kutoka, na bado nilikuwa naisikia.

Kuanzia hapo kuendesha kukawa adhabu, na adhabu niliitengeneza mwenyewe. Kile kioo cha kati, mnakumbuka, nilikigeuza kitazame paa. Basi kila nilipoinua macho nilikutana na kazi yangu: kioo bapa, gundi kama mchwa waliokufa, na ufa mwembamba uliozaliwa kwenye kona na kukua kila tulipovuka shimo. Nikikigeuza kitazame nyuma, namuona mama juu ya kikwembe. Nikikiacha, naona uongo. Njia yote ya Kasongo nilipiga miluzi kama mutu mwenye roho safi.

Mvua ilitukuta tukiwa na mzigo mpya wa vikwembe, mbali na kijiji chochote. Ilianza kwa matone kwenye kona ile ya ufa. Halafu pembe zote. Mimi nilikaza mikono kwenye usukani nikasubiri akohoe. Hakukohoa. Nilisikia kitu kinafunguka, pa, kama bawa la ndege mkubwa, na kikwembe cha maua kikasukumwa kichwani mwangu. Mama alikuwa amefungua mwavuli ndani ya gari.

Tulikwenda hivyo. Maji yanapiga mwavuli, mwavuli unamwaga kwenye shingo yangu. Mwishoni nikasimamisha gari na kuzima injini.

"Bidoni," nikasema, "mwambie mama kioo hakikuingia. Tangu siku ile. Kipimo changu kilikuwa bure, paa limepinda na mimi sikuliona. Mwambie safari yake yote, mgongo wake wote, ni kwa sababu ya katoni yangu. Na mwambie nilimdanganya."

Mwavuli ukanimwagia maji mengine shingoni.

"Bidoni, mwambie mukwe wangu ninajua," mama akasema. "Fundi wa vioo kule Uvira aliniuliza: mama, kioo cha paa la gari kinakatwa hivi, bila kupinda? Watu walikuwa wengi pale dukani. Nikamwambia mukwe wangu amesoma, ametumia kampasi. Alitaka niseme nini? Nivunje neno la mukwe wangu mbele ya watu nisiowajua?"

Aliutikisa mwavuli kidogo.

"Nikasema labda nimekosea mimi. Nikakibeba."

Nimepigwa fimbo nyingi shuleni, nyingine za haki. Hakuna iliyoniingia kama lile neno labda.

Kwetu kuna njia ya kumaliza umbali wa wakwe. Mwanaume anapeleka mbuzi, mama akimpokea, haya inaondoka, mnasalimiana uso kwa uso. Nilinunua mbuzi mnene, nadhani alikuwa mukubwa wa mbuzi wote wa Maniema, nikamtuma mke wangu naye. Nilitaka kumwomba mama msamaha akiwa mbele yangu, si kwa bidoni.

Mke wangu alirudi bado ameshika kamba.

"Amekataa?"

"Amesema mbuzi auzwe, fedha zikanunue kioo. Na heshima ibaki ilivyo. Anasema siku akikutazama usoni atacheka, na yeye bado ana hasira."

Mbuzi akauzwa. Safari hii niliandika namba iliyochongwa kwenye chuma, nikapiga picha ya reli, ya mota, ya alama iliyobaki kwenye punje moja ya kioo cha zamani, nikaongeza na picha ya gari zima. Kioo kilipatikana kwenye gari lililokufa la mwaka uleule, cheusi, kimepinda, pamoja na mpira na fremu yake. Bei yake ilinifundisha kwamba vile vyote tulivyovitoa siku ile tukicheka, rangi, reli, mpira, pamoja na mupindo ambao hatukuujua, ndivyo kioo chenyewe, na mbuzi hakutosha, nikaongeza baiskeli yangu. Kilikuja kwa lori, ndani ya sanduku la mbao lililojaa majani makavu. Nililipia usafiri wake wote bila kubishana hata neno, jambo ambalo mke wangu analisimulia mpaka leo.

Kile kioo bapa mama hakukitupa. Kiko sokoni Kasongo, juu ya meza yake, chini yake amepanga vipande vya vikwembe ili wateja wachague. Kinafaa sana pale, hata na ufa wake. Kona zake nne za mviringo zinasifiwa. Wateja wakiuliza nani aliyekata, mama anasema ni mukwe wake, ametumia kampasi.

Juzi tulikuwa tunarudi Kabambare, wingu limeshuka.

"Bidoni, muulize dereva kama mvua itanyesha."

"Bidoni, mwambie mama sijui. Sikupima."

Nikasikia pua yake inatoa sauti fulani, na nikainua macho kwenye kioo cha kati, kama nilivyozoea, kutazama paa. Kioo kipya cha paa ni cheusi na kinang'aa. Juu ya ukingo wa kikwembe kilikuwa kimeshika, kwa kupinda kwake, picha ya kiti chote cha nyuma. Uso ulikuwa umeinama, sikuuona. Niliona mkono wake ukisugua bega, pale kikwembe kilipokata, taratibu, kama mutu asiyejua kuwa anasugua.

Nikakigeuza kile kioo cha kati kikatazama mlango, nikaendesha polepole.